Duka la Leso na Msomaji Wake

Yapo maandishi ya Kiswahili ambayo huuzwa kwa jozi, hukatwa kwa mkasi, hupindwa kwa cherahani, hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Maandishi hayo ni majina ya leso, au kanga kama nguo hiyo iitwavyo Unguja na Tanzania Bara. Hayamo katika orodha ya diwani na tenzi zisomwazo darasani, na aghalabu husahauliwa pale wataalamu wanapohesabu utajiri wa fasihi ya lugha hii. Walakini yametungwa kwa ufundi, yamechapwa kwa wingi, yamenunuliwa kwa hiari ya wasomaji wake, na yamesomwa arusini, matangani, uani na barabarani kwa muda wa vizazi kadhaa. Fasihi iliyopata bahati hiyo ina haki ya kupata na uhakiki.

Mahali pa kuanzia uhakiki huo ni dukani. Diwani huweza kusomwa mbali na muuza vitabu, lakini jina la leso huchaguliwa mbele ya mwuzaji, kwa sauti, na mara nyingi mbele ya wanunuzi wengine ambao nao wana maoni. Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, maduka ya nguo yamepangana pande mbili za njia. Leso zimekunjwa na kurundikwa safu juu ya safu. Nyingine zimetundikwa mlangoni zipate kuonekana na wapitao. Nje wako mafundi na vyerehani vyao, tayari kuikata doti iwe vipande viwili na kuipinda miisho yake. Duka la namna hii ni soko, na papo hapo ni maktaba na baraza ya wahakiki.

Shule zinapofungwa mwisho wa mwaka, familia nyingi za bara huteremka pwani. Tangu 2017, reli mpya imeifanya safari ya Nairobi na Mombasa kuwa ya saa chache tu, na wageni wa likizo wamezidi kuizoea njia hiyo. Siku zao hugawanyika kwa desturi: siku za bahari, siku ya Ngome ya Yesu, na nusu siku ya maduka, ambayo huwekwa mwisho ili zipatikane zawadi za kurudi nazo. Baba husimama karibu na mlango akihesabu fedha zilizobaki. Mama hupapasa nguo na kulinganisha rangi. Watoto huchoka upesi, maana hawajaambiwa kwamba ukuta ulio mbele yao umejaa maneno. Swali linaloulizwa ni moja: bei gani?

Mwanamke wa pwani aingiapo duka lile lile huuliza swali jingine kwanza: yasemaje? Mwuzaji huikunjua leso, na macho ya mnunuzi huteremka moja kwa moja mpaka chini ya mji wa nguo, juu kidogo ya pindo, ambapo jina limechapwa. Rangi ikiwa nzuri na jina likawa baya, leso hurudishwa. Jina likiwa zuri na rangi ikawa si ya kupendeza, huenda akaisamehe rangi. Kati ya maswali hayo mawili ndipo ilipo tofauti ya mnunuzi wa nguo na msomaji wa leso. Mgeni wa likizo anayejua Kiswahili barabara, akarudi bara na doti nne asizozisoma, ni kama mtu aliyenunua majalada manne ya vitabu akaziacha kurasa dukani.

Haifai kudhani kwamba msomaji huyo wa pwani analinda kitu kilichozaliwa mbali na biashara na wageni. Historia ya nguo katika pwani hii ni historia ya mizigo ya majahazi na meli. Katika karne ya 19 kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kililetwa kwa wingi na wafanya biashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, na watu wakakiita merikani kwa jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliidhuru biashara hiyo, na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi kubwa zaidi. Neno leso lenyewe ni la Kireno, nalo kwa asili lilikuwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Yasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakavishona pamoja vikawa vazi moja, na baadaye wenye maduka wakaagiza vazi hilo lichapwe zima. Jina la kanga nalo hunasibishwa na ndege mwenye madoadoa, kwa sababu ya nakshi za mwanzo za nguo hiyo.

Maneno yalikuja baadaye. Mapokeo ya Mombasa humtaja Kaderdina Hajee Essak, mfanya biashara ambaye alama ya bidhaa zake, Mali ya Abdulla, ilienea pwani nzima, kuwa ndiye aliyeanza kuchapisha semi juu ya leso mapema katika karne ya 20. Kwanza ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaandikwa kwa herufi za Kirumi. Viwanda vilivyochapa nguo hizo vilikuwa India, Ulaya na Japani. Baadaye vikapatikana na Afrika Mashariki, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kwa hiyo pamba ilitoka kwingine, mashine zilikuwa za kwingine, na faida ilikwenda kwa mwenye duka. Kilichokuwa cha wenyeji tangu mwanzo ni lugha, na pamoja na lugha, maarifa ya kuitumia.

Umbo la leso lastahili kutazamwa kama umbo la shairi linavyotazamwa. Nguo ina pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina. Mtungaji wa jina amewekewa mipaka migumu: mstari mmoja, ambao lazima usomeke kwa mtazamo mmoja, nyuma ya mtu anayetembea. Hana ubeti wa pili wa kujieleza. Mipaka hiyo ndiyo iliyozaa ufundi wake, kama vile hesabu ya mizani na vina ilivyozaa ufundi wa washairi.

Chukua jina hili mashuhuri: Japo sipati, tamaa sikati. Kipande cha kwanza kina mizani 5, cha pili kina mizani 6, na vyote viwili vimefungwa kwa kina cha -ti. Katika usemi wa kila siku mtu husema sikati tamaa. Hapa mpangilio umegeuzwa, tamaa ikatangulia na kitendo kikafuata, na kwa mgeuzo huo mdogo sikati limepata kukaa sambamba na sipati. Maneno yote mawili yana kikanushi kile kile, lakini kazi zake ni mbili. Kikanushi cha kwanza chakiri kushindwa. Cha pili chakataa kushindwa. Tena jina halisemi ni kitu gani kisichopatikana. Kitenzi sipati kimeachwa bila yambwa, na pengo hilo ndilo utajiri wake. Mwanamke mwenye kupenda asipopendwa, mwanafunzi aliyeanguka mtihani, na mama anayengoja mtoto, kila mmoja huweza kulijaza kwa jambo lake mwenyewe.

Jina la pili ni lenye ukali zaidi: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Sikio husikia kwanza mwangwi wa meno na maneno, na yamkini msomaji wa haraka atakomea hapo. Lakini uzuri wa jina hili umo katika maneno madogo mawili, na pamoja na kwa. Simba anaogopwa na meno yake, kwa kuwa meno ni sehemu ya mwili wake na hayaachani naye. Mtu haogopwi kwa maneno yake, kwa kuwa maneno ni chombo tu alichokishika, nacho chaweza kumponyoka. Kisha msemaji ameanza kwa kukiri hofu. Angaliingia kwa kusema haogopi kitu chochote, angalionekana mwenye majigambo. Lakini aliyekubali kwamba simba anamtisha huaminiwa anaposema kwamba jirani hamtishi. Huo ni ushujaa uliopimwa kwa mizani ya akili, ukatiwa katika mstari mmoja wa nguo.

Jina la tatu latuliza: Sisi sote abiria, dereva ni Mungu. Abiria ni neno lenye asili ya Kiarabu, dereva lina asili ya Kiingereza, na Mungu ni la Kibantu. Lugha tatu zimeketi ndani ya gari moja. Mtungaji ameuchukua ujuzi wa barabarani, ambao tajiri na maskini wote wanao, akaufanya mfano wa kudra. Jina hili huweza kuvaliwa matangani likawa faraja, na huweza kuvaliwa mbele ya mwenye kiburi likawa onyo kwamba hata yeye hakushika usukani. Maneno hayakubadilika, aliyebadilika ni mvaaji, na mahali, na anayemtazama.

Hapa ndipo jina la leso linapotengana na methali iliyoandikwa kitabuni. Methali ya kitabuni ina maana inayoweza kufafanuliwa kwa msomaji yeyote. Jina la leso halitimii mpaka livaliwe au litolewe, na maana yake hutegemea nani amemvalia nani. Katika jamii ambayo ugomvi wa wazi humvunjia mwanamke heshima, leso humpa ulimi asioweza kushitakiwa kwa ajili yake. Aliyechomwa na maneno akija kuuliza, mvaaji huweza kujibu kwamba alipenda maua tu. Saida Yahya-Othman, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka 1997, aliyatazama majina ya kanga kuwa sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili. Na Rose Marie Beck na Sharifa Zawawi nao wameiandikia nguo hii kazi za kitaaluma. Njia imekwisha kufunguliwa. Kilichobaki haba ni uhakiki wa majina yenyewe, mstari kwa mstari, kwa vipimo vile vile vinavyotumika kwa ushairi.

Hatari ya kutosoma yaonekana wazi katika zawadi. Chukua mfano wa mke kijana wa bara aliye likizoni na mumewe, anayetaka kumpelekea mavyaa wake leso. Akachagua nyekundu yenye maua meupe, ya bei njema, akaifunga vizuri. Jina lake likawa lile la simba na meno. Lingalivaliwa na mavyaa mwenyewe, lingalikuwa neno la ujasiri. Likitoka mkononi mwa mkwe, lageuka kuwa jibu la maneno ambayo pengine mavyaa hakuyasema kamwe. Mama yule huikunja leso bila kunena, huiweka chini ya sanduku, na mkwe hujiuliza mwaka mzima kwa nini zawadi yake haivaliwi. Hapo hapana aliyekusudia ubaya, wala Kiswahili hakikukosekana kwa yeyote kati yao. Kilichokosekana ni dakika moja ya kusoma dukani. Kwa leso ile ile, jina Wema hauozi lingalitosha kufanya kinyume chake, kwa mizani 6 tu.

Wapo wasemao kwamba majina haya si fasihi, na hoja zao zastahili kujibiwa. Husema kwanza kwamba hayana mtungaji anayejulikana. Methali nazo hazina, na hakuna anayezitoa katika fasihi kwa sababu hiyo. Husema pili kwamba yametungwa kwa ajili ya kuuza nguo. Ni kweli, na mwenye duka hakuficha jambo hilo. Lakini washairi wengi wa zamani na wa sasa wamepokea malipo kwa tungo zao, na beti hazikuharibika kwa kupokelewa fedha. Husema tatu kwamba ni mafupi mno. Hoja hiyo yamgeukia anayeitoa, maana anayeona ufupi kuwa upungufu hajajaribu kutunga mstari mmoja unaotosha.

Hoja nzito zaidi haisemwi mara nyingi, nayo ni kwamba majina mengi ni mabaya. Hili lafaa kukubaliwa waziwazi. Rundo moja dukani huweza kuwa na majina mengi ya pongezi na dua zinazofanana, ambazo mvaaji hana la kuongeza wala msomaji hana la kufumbua. Mengine huchapwa mbali na watu wasioijua lugha, maneno yakaungana pasipostahili au herufi ikapotea. Leso iliyotolewa baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2008 ilikuwa na sura ya Barack Obama, pongezi kwake, na maneno Upendo na amani ametujalia Mungu. Kwa mwanahistoria nguo hiyo ni hati yenye thamani, kwa kuwa yaonyesha jinsi habari ya nchi ya mbali ilivyopokewa pwani. Kwa mhakiki, jina lake ni dhaifu. Vina havimo, fumbo halimo, na kila kitu kimekwisha kusemwa kabla nguo haijavaliwa. Kuwepo kwa majina kama hayo hakuvunji hadhi ya leso. Hata katika ushairi, beti nzuri huonekana katikati ya beti nyingi za kawaida, na kuzitenga ndiyo kazi ya uhakiki.

Hatua chache kutoka maduka ya leso, na zaidi karibu na hoteli na katika njia za watalii za Mji Mkongwe wa Unguja, yapo maduka ya aina nyingine. Humo leso imekwisha kukatwa ikawa mkoba, mto wa kiti, suruali au kofia. Kazi ya fundi ni safi, rangi ni zile zile, na mgeni hupendezwa kwa kuwa kitu kile chaingia katika sanduku lake kwa urahisi. Lakini mkasi haukusoma. Ukipita katikati ya jina la simba, huweza kumwachia mwenye mkoba maneno Naogopa simba peke yake, na mstari wa ujasiri ukawa wa woga. Ukipita katikati ya jina la tamaa, huweza kuacha Japo sipati, na subira yote ikabaki manung'uniko. Hapa pana hasara ya kweli, na yaweza kupimwa kama inavyopimwa hasara ya ubeti uliong'olewa mshororo.

Isidhaniwe kwamba kosa la maduka hayo ni kumfanyia mgeni kazi. Sanaa kadhaa zilizo bora katika nchi hizi zilikua kwa fedha za wageni. Uchongaji wa kuuza wa Wakamba hunasibishwa na Mutisya Munge, aliyeupata ujuzi wake wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na leo chama cha ushirika cha wachongaji kilichoanzishwa Changamwe mwaka 1963 ni mojawapo ya mahali familia za likizo huzuru. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 huko Dar es Salaam kuchora wanyama na ndege kwa rangi za dukani juu ya mbao laini za kiwandani, akauza kwa wageni. Naye alipofariki mwaka 1972 aliacha mtindo unaoitwa kwa jina lake hata leo. Kinyago na picha hazikuhitaji maneno ili zikamilike, na kwa hiyo hazikupoteza neno ziliposafiri. Leso yahitaji. Kipimo cha haki, basi, si nani amenunua, wala kiwanda kilikuwa nchi gani. Kipimo ni kama kitu kilichonunuliwa bado kinaweza kusema kilichoundiwa kusema.

Fundi anayekata leso ana watoto wa kulisha, na kumlaumu peke yake ni uonevu. Mkasi wake hufuata soko, na soko limemfundisha kwamba hapana anayesoma. Mnunuzi anayeuliza yasemaje humfundisha jambo jingine. Tayari wapo mafundi wanaolipanga jina lote likaja mbele ya mkoba au katikati ya mto, na kazi yao yathibitisha kwamba ushoni na usomaji vyaweza kuafikiana. Wanaponunua wenyeji wa lugha, dai hilo lawapasa zaidi kuliko mgeni asiyejua Kiswahili, ambaye ana udhuru wa haki.

Kwa upande wa wanafunzi na wataalamu, kazi iliyopo ni ya subira kuliko ya fahari. Leso huchakaa, huanza kuvaliwa arusini, ikaishia kubebea mtoto, kisha kupangusia jikoni, na jina lake hupotea pamoja na nyuzi. Kila jina linalookotwa lastahili kuandikwa pamoja na alama ya mfanya biashara, mahali lilipopatikana, mwaka, na zaidi ya yote, habari ya aliyelivaa na sababu yake, ikiwa ataridhika kuisema. Jina lililoandikwa bila habari hizo ni nusu ya maandishi. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake kazi hiyo wakati wa likizo: kila mmoja arudi na jina moja, na maelezo ya mtu mmoja mzima juu ya maana yake. Mikusanyo ya miaka michache ya darasa moja ingetosha kuanzisha mjadala ambao vitabu bado havijaukamilisha.

Na kwa familia iliyosimama mlangoni pa duka, mtoto mmoja tayari akivuta mkono wa mama yake waondoke, ushauri ni mwepesi. Apewe mtoto huyo leso moja asome kwa sauti, kisha aambiwe achague ya bibi yake kwa maneno, rangi ifuate. Atakosea mara ya kwanza, na mwenye duka atacheka na kumweleza. Katika maelezo hayo ya dakika tano, juu ya nini chafaa kumwambia bibi na nini hakifai, mtoto atakuwa amepata somo la fasihi kutoka kwa mtu anayeijua kwa matumizi. Na bibi, huko bara, atapata leso atakayothubutu kuivaa.